Mwenye Ufunguo wa Bomba

Aliyewahi kusimama ukingoni mwa Shimo la Mungu, pale Newala, hahitaji kuelezwa taabu ya nchi ile: maji yako chini, watu wako juu. Udongo wa uwanda wa Makonde ni kichanga. Mvua hunywewa palepale inapoanguka. Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, alistaajabu kuona watu wamejenga mbali kiasi kile na maji. Wazee walikuwa na jibu lao, katika hadithi ya mtu wa kwanza aliyechonga mti ukawa mwanamke: watoto waliozaliwa bondeni hawakuishi, aliyezaliwa juu uwandani akaishi. Basi wakakaa juu, na wanawake wakawa wa kushuka na kupanda na mitungi.

Katika miaka ya 1950 likaundwa Shirika la Maji la Makonde. Maji yakapandishwa kwa pampu, yakauzwa kwa debe. Hapo ndipo alipozaliwa mtu ninayetaka kumzungumzia, yaani mlinzi wa bomba. Mama yangu alimkumbuka vizuri. Maji hayakuwa yake, wala hakuyapandisha yeye, lakini hakuna debe lililojaa pasipo mkono wake kugusa koki. Akina mama walinung'unika kwamba ni mzito. Siku asipokuwapo, mama alisema, wenye misuli ndio waliotangulia.

Kazi yangu imekuwa kutunza kompyuta, na kwa miaka mingi nimemwona mlinzi yuleyule ndani ya mashine. Humo huitwa haipavaiza. Ni programu inayokaa chini kabisa, karibu na chuma chenyewe, ikaifanya kompyuta moja ionekane kama nyingi. Kila moja ya hizo ni mgeni mwenye kerneli yake, yaani kile kiini cha mfumo kinachoamrisha kazi zote, na kila kerneli hudhani iko peke yake nyumbani. Kugawa muda wa prosesa na kumbukumbu si kazi ngumu sana. Kazi iko kwenye vifaa: diski, printa, kadi ya mtandao. Kadi ni moja, wageni ni kumi, na kila mgeni anaamini kwamba ni yake.

Mambo haya yalianza IBM, katika kituo chao cha Cambridge, Massachusetts, ambako Robert Creasy na wenzake walianza kuitumia programu ya CP-40 mwezi Januari 1967. Kompyuta ilikuwa ghali mno kumpa mtu mmoja. (Sisi tulikuwa tumepata ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha, mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini.) Ujanja wao naupenda mpaka leo. Mgeni alipotoa amri ya kuendesha kifaa, amri haikutekelezwa. Mashine ilisita na kumwita mlinzi. Mlinzi aliisoma orodha ya mgeni, akabadili anwani za kumbukumbu alizozitaja kuwa anwani za kweli, kisha akaituma mwenyewe. Diski aliikata viwanja, na mwenye kiwanja akadhani anamiliki shamba zima. Maandishi ya kuchapwa aliyaweka kando hadi mgeni amalize, ndipo ayapeleke kwenye printa yote kwa pamoja, barua ya huyu isichanganyike na hesabu ya yule.

Lakini alikuwa mzito, kama yule wa Newala. Kwa hiyo ukaja utaratibu wa maafikiano: mgeni anayejua kuwa ni mgeni aliweza kumwomba mwenyeji shida yake kwa amri moja maalumu, badala ya kusimamishwa kila hatua. VM/370 ya mwaka 1972 iliutumia sana. Jambo hilo lilirudi upya zama za kompyuta ndogo. VMware, mwaka 1999, ilianza kwa kumdanganya mgeni kwamba mbele yake kuna kadi ya mtandao ya kawaida aliyoizoea. Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza mwaka 2003, ikaona uongo ule ni gharama: mgeni aambiwe ukweli, apewe draiva fupi ya kupokezana mizigo na mashine moja iliyokabidhiwa vifaa vya kweli. Baadaye Rusty Russell akatunga virtio, ili kila haipavaiza isiwe na lugha yake ya mlangoni.

Njia ya pili ni kumtoa mlinzi na kumkabidhi mgeni kifaa chenyewe. Ni njia ya kasi sana, nami niliipenda kupita kiasi. Mwaka 2009, katika ofisi moja niliyofanyia kazi, mashine moja ilibeba wageni watatu. Mmoja alitunza hesabu za wakulima wa korosho. Mwingine alipokea mafaili kwa mtandao, na watu wake walilalamika kila siku kwamba anachelewa. Nikampa kadi moja kwa moja. Nililolipuuza ni kwamba kadi ya aina ile huandika kwenye kumbukumbu yenyewe, bila kupitia kwa prosesa, tena kwa anwani za kweli. Kumpa mgeni kadi hiyo ni kumpa bomba linalopita chini ya nyumba za jirani. Draiva yake ilikuwa na kasoro, ikaandika pasipo pake. Hesabu za wakulima ziliharibika kimyakimya. Watu walisubiri fedha zao siku 9, sisi tukirudia kusoma stakabadhi moja moja.

Dawa yake ilikuwa imekwisha kubuniwa, ila mashine yetu ya zamani haikuwa nayo. Ni lango la chuma, IOMMU, linalokaa kati ya kifaa na kumbukumbu na kukikatalia kifaa anwani zisizo za mwenyewe. Mwaka 2007 uliongezwa utaratibu wa SR-IOV, ambao kwao kadi moja hujionyesha kama kadi nyingi, kila mgeni na yake. Mlinzi hasimami tena kwenye koki. Huweka mipaka asubuhi, kisha maji hupita bila yeye.

Nilimweleza mama hayo siku moja, nikijisifu kidogo. Nikamwambia mlinzi wa sasa yumo ndani ya bomba, hasinzii, wala hapokei cha juu.

"Na akikunyima, mwanangu, unamlalamikia nani?"

Nikamjibu kwamba yuko mtu anayeandika mipaka ile, na kwamba pale ofisini mtu huyo ni mimi. Akanitazama kitambo, akarudi kwenye kubangua korosho zake. Mgeni wa hesabu za wakulima hadi leo nampitisha kwa mlinzi wa zamani, hatua kwa hatua, na malalamiko ya uzito nayapokea.