Kinini Iliyo Huru Katika Damu

Sisi wa Masisi na Walikale twaijua kinini kwa uchungu wake. Pelletier na Caventou waliitoa katika gome la mti mwaka 1820, huko Paris. Baadaye Wabelgiji waliupanda mti huo Kivu, na Bukavu kikajengwa kiwanda cha dawa hiyo.

Lakini kinini nyingi iliyomo damuni hushikwa na protini. Iliyo huru ndiyo huua vijidudu vya malaria, nayo ikizidi huumiza masikio na moyo. Maabara huipima kwa utando mwembamba: kinini huru hupenya, protini hubaki.

Katika miaka ya 1980 waganga waliopima wagonjwa wa Thailand waliona kwamba malaria ikiwa kali, protini hushika kinini zaidi. Basi, ndugu, kipimo cha jumla peke yake chaweza kutudanganya. Tusiongeze wala kupunguza dawa kwa kukisia.