Mwalimu wa UPE na Darasa la Kijijini

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mtoto aliyeingia darasa la kwanza hakuwa na hakika ya kufika darasa la tano. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa chekeche: wachache walipita kwenda shule ya kati, na wengi wakarudi kulima na wazazi wao. Shule zenyewe ziligawanywa kwa rangi, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, mpaka ubaguzi huo ulipofutwa mwaka 1962. Mtihani wa darasa la nne uliendelea kuwatoa watoto masomoni hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha la Ujamaa na Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika kwa maisha ya kijijini, isiwe daraja la kuingilia sekondari tu, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wake wasingefika huko. Kila shule ikapata shamba lake au mradi wake, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia masomo yote. Uamuzi wa lugha ndio uliomfaa mtoto zaidi. Mtoto wa Kigoma au Newala aliyekuwa na Kiswahili cha sokoni aliweza kuuliza swali darasani bila kuhangaika na lugha ya ng'ambo. Shamba lilikuwa jambo jingine: penye mwalimu makini lilifundisha vipimo, mbegu na hesabu za mavuno, penye mwalimu mvivu lilikula muda wa masomo.

Halafu ukaja uamuzi wa Musoma. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana katika mji huo na kuazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, badala ya 1989 kama ilivyopangwa awali. Mpango ukajulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, UPE (Universal Primary Education), na neno hilo likaingia katika Kiswahili cha kila siku. Wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwahamishia watu katika makazi ya pamoja, mara nyingine kwa nguvu na kwa machungu mengi. Kwa shule, hata hivyo, kuhama huko kuliwaweka watoto karibu na darasa, na wanakijiji wakafyatua matofali na kuezeka madarasa kwa kujitolea.

Madarasa yangeweza kujengwa kwa msimu mmoja wa kiangazi. Walimu hawakuweza kupatikana hivyo, kwa kuwa vyuo vya ualimu visingetoa maelfu waliohitajika kwa miaka mitatu. Serikali ikageukia vijana waliomaliza darasa la saba. Vijiji vilisaidia kuwachagua, na kuanzia 1976 wakafunzwa hukohuko vijijini: nusu ya siku walifundisha, nusu nyingine walisoma. Masomo yao yaliwafikia kwa posta na kwa redio, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, na wakufunzi waliwazungukia shuleni kuona andalio la somo na namna walivyosimama mbele ya ubao. Baada ya miaka mitatu hivi walikwenda chuoni kwa wiki chache, wakafanya mtihani, na waliofaulu wakapata cheti cha Daraja la III C. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo.

Mitaani walitaniwa kwamba UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Jina hilo halikuwatendea haki. Ni kweli kwamba msingi wao wa hesabu na sayansi ulikuwa mwembamba, na mwanafunzi aliyeuliza zaidi ya kitabu aliweza kukosa jibu. Lakini mwalimu huyo alimjua mtoto, aliijua nyumba anakotoka, na alijua ni msimu gani kiti chake kitakuwa kitupu kwa sababu ya palizi au kulinda ndege shambani. Alipokosa vitabu aliokota vijiti na kokoto za kuhesabia, akaandika herufi mchangani. Wanafunzi waliongezeka kutoka kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974 hadi kiasi cha milioni 3.5 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bila mwalimu huyo, wengi wao wasingekuwa na mtu wa kuwafundisha kuandika majina yao.

Wazazi nao walikuwa darasani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa nchi nzima, mara nyingi jioni katika vyumba vilevile walivyosomea watoto mchana. Mama aliyejifunza kusoma hapo aliweza kufungua daftari la mwanawe akaona kilichoandikwa. Msaada huo hauingii katika takwimu za uandikishaji, ila nyumba nyingi ziliuona.

Kisha uchumi ukayumba. Bei ya mafuta ilipanda, Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilimeza fedha, na karatasi zikaadimika hata vitabu vikakosekana. Ada, iliyokuwa imefutwa, ikarudi pamoja na michango katikati ya miaka ya 1980, na watoto wengi wa familia maskini wakaanza kubaki nyumbani.

Ada ilipofutwa tena mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulianza kutekelezwa Januari 2002. Uandikishaji ulipanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Safari hii palikuwa na ruzuku ya vitabu na vifaa, na kamati za shule ziliiona bajeti yake. Waliopitwa na umri walipata MEMKWA, mpango uliowafundisha kwa muda mfupi kabla ya kuwaingiza katika mfumo wa kawaida. Madarasa yalijaa tena, na baadhi ya watoto walimaliza miaka kadhaa bila kusoma vizuri. Ndiyo maana mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguziwa masomo, uzito ukawekwa kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na walimu wa madarasa hayo wakapewa mafunzo kazini.