Historia ya Mahali Darasani: Walatino wa Tucson na Mgogoro wa Mtaala, 1998–2017

Utangulizi

Katika makongamano yetu, ufundishaji wa historia ya mahali hujadiliwa zaidi kama suala la mbinu: mwalimu awapeleke wanafunzi kwenye magofu, awaalike wazee wazungumze, akusanye picha za zamani. Makala hii inachunguza mji ambao suala hilo lilitungiwa sheria, likaamuliwa na bodi ya shule na hatimaye likafikishwa mbele ya jaji. Mji huo ni Tucson, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, na historia iliyobishaniwa ni ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, walio wengi miongoni mwa Walatino wa eneo hilo. Hoja yetu ni kwamba historia ya mahali huvumiliwa na wenye mamlaka kadiri inavyobaki kuwa historia ya ngoma na vyakula. Inapofika kwenye ardhi, lugha na sheria, hupata maadui.

Mji uliohamwa na mpaka

Kabla ya wageni kufika, bonde la Tucson lilikuwa makazi ya Watohono O'odham. Wahispania walianzisha ngome yao hapo mwaka 1775, na baada ya uhuru wa 1821 mji ukawa sehemu ya Meksiko. Vitabu vingi vya kiada huishia kwenye Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848, ambao uliipatia Marekani eneo kubwa la kaskazini mwa Meksiko. Lakini Tucson haikuwamo katika eneo hilo. Iliingia Marekani kwa mauziano yaliyotiwa saini mwishoni mwa 1853 na kuidhinishwa mwaka uliofuata, kwa bei ya dola milioni 10. Kwa hiyo zipo familia zilizobadilishiwa nchi pasipo kuhama nyumba. Mmasai, Mjaluo au Mmakonde hahitaji kuelezwa sana jambo hili.

Mwaka 1894 wakazi wenye asili ya Meksiko waliunda mjini humo Alianza Hispano-Americana, chama cha kufaana ambacho sisi tungekiita cha kufa na kuzikana, kikaenea hadi majimbo mengine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya mtaa wao wa kale ilibomolewa ili kupisha ukumbi wa mikutano wa mji. Muda mfupi baadaye ulikuja mpango wa barabara kuu, na safari hii wakazi walishinda. Silaha yao ilikuwa El Tiradito, mahali pa kuwashia mishumaa panapohusishwa na mtu aliyeuawa kwa ugomvi wa mapenzi. Mwaka 1971 mahali hapo pakaingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Kwa mwalimu wa historia, kona hiyo ndogo ina somo zima: hadithi, imani, ramani, mipango miji na nguvu ya hati iliyoandikwa.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Kwa miongo kadhaa watoto waliozungumza Kihispania waliwekwa katika darasa maalumu lililoitwa 1C wajifunze Kiingereza kwanza, na matokeo yake wengi walichelewa kuanza masomo ya kawaida. Waliosikika wakizungumza lugha ya nyumbani waliadhibiwa. Wasomaji wa Ngũgĩ wa Thiong'o watakumbuka bamba la chuma lililotundikwa shingoni mwa mtoto wa Kenya kwa kosa lilelile.

Mwaka 1974 wazazi weusi na wazazi wenye asili ya Meksiko waliishtaki wilaya ya shule ya Tucson kwa ubaguzi, na mwaka 1978 pande hizo zikafikia makubaliano yaliyosimamiwa na mahakama.

Programu na sheria

Idara ya Taaluma za Wamarekani wenye Asili ya Meksiko ilianzishwa katika wilaya hiyo mwaka 1998. Ilitoa kozi za historia, fasihi, sanaa na uraia, na milango yake ilikuwa wazi kwa mwanafunzi wa asili yoyote. Miongoni mwa vitabu vyake vilikuwamo *Occupied America* cha Rodolfo Acuña na *Pedagogy of the Oppressed* cha Paulo Freire, Mbrazili aliyewahi kufika Tanzania katika miaka ya 1970. Athari ya Freire ilionekana hasa pale wanafunzi walipopewa kazi ya kuchunguza hali ya shule zao wenyewe na kuwasilisha matokeo mbele ya viongozi. Nadhani hapo ndipo uvumilivu ulipoanza kuisha, kuliko kwenye kitabu chochote.

Mwaka 2006 mwanaharakati wa wafanyakazi wa mashambani, Dolores Huerta, aliwaambia wanafunzi wa Tucson kwamba Warepublican wanawachukia Walatino. Tom Horne, msimamizi mkuu wa elimu wa jimbo na mwanachama wa chama hicho, alianza kampeni dhidi ya programu. Tarehe 11 Mei 2010 Gavana Jan Brewer alitia saini sheria ya HB 2281, wiki tatu zikiwa hazijapita tangu aidhinishe sheria kali ya uhamiaji. HB 2281 ilikataza masomo yanayohimiza kupinduliwa kwa serikali au chuki dhidi ya rangi au tabaka, yaliyokusudiwa hasa kwa wanafunzi wa kabila moja, au yanayotetea mshikamano wa kikabila badala ya kumtazama mwanafunzi kama mtu binafsi.

Kifungu hicho cha mwisho kinastahili kutafakariwa. Mtoto aliyewekwa 1C hakuwekwa humo kama mtu binafsi. Aliwekwa kwa lugha ya mama yake. Kumkataza mjukuu wake kuisoma habari hiyo kama habari ya kundi ni kumtaka asahau jinsi kundi lilivyoundwa, na walioliunda ni shule yenyewe.

Mwaka 2011 wakaguzi walioajiriwa na ofisi ya elimu ya jimbo hawakuona ushahidi kwamba sheria ilivunjwa. Msimamizi mpya, John Huppenthal, aliamua kinyume. Mwezi Aprili mwaka huohuo wanafunzi walikuwa wameingia katika kikao cha bodi na kujifunga minyororo kwenye viti vya wajumbe. Januari 2012, kwa tishio la kunyimwa asilimia 10 ya fedha za jimbo, bodi ilipiga kura kuifuta programu, na vitabu saba vikaondolewa madarasani vikahifadhiwe ghalani. Uongozi ulisema havikupigwa marufuku, kwa kuwa nakala zilikuwamo maktabani.

Utafiti wa Nolan Cabrera na wenzake uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kuwa waliosoma kozi hizo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufaulu mitihani ya jimbo na kuhitimu.

Hukumu

Agosti 2017 Jaji A. Wallace Tashima aliamua kwamba sheria hiyo ilitungwa na kutekelezwa kwa uadui wa kirangi, na kwamba ilivunja haki za wanafunzi za kupata maarifa na za ulinzi sawa wa sheria. Tashima mwenyewe, alipokuwa mtoto, alizuiliwa na familia yake katika kambi ya Wamarekani wenye asili ya Japani huko Poston, katika jimbo hilohilo la Arizona. Desemba alitoa zuio la kudumu dhidi ya matumizi ya sheria hiyo.

Zuio hilo halikuamuru programu irejeshwe. Vitabu saba vilikuwa vimeruhusiwa tena tangu 2013, lakini walimu walioijenga idara walikuwa wamekwisha kutawanyika. Kozi mpya za historia na fasihi zilizochukua nafasi yake zilianzishwa kwa amri ya mahakama katika ile kesi ya wazazi wa mwaka 1974.