Muthoni na Nyambura: Wanawake katika Ugomvi wa Wanaume

Mwaka 1929 ulizuka katika nchi ya Wagikuyu ugomvi mkubwa juu ya tohara ya wasichana. Misheni ya Kanisa la Scotland na misheni nyingine kadha ziliwataka Wakristo wao waikane desturi hiyo, na waliokataa walitengwa na ushirika. Watu wengi waliona kuwa mgeni aliyekwisha kutwaa ardhi yao sasa ataka kutwaa na mila yao. Maelfu walitoka makanisani, wakajenga shule zao wenyewe. Katika kelele hizo zote, sauti iliyosikika kidogo kuliko zote ilikuwa sauti ya msichana mwenyewe.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliuchukua ugomvi wa namna hiyo akaufanyia riwaya, The River Between, iliyochapishwa mwaka 1965. Vilima viwili, Kameno na Makuyu, vinatazamana, na kati yao wapita mto Honia. Kameno washika mila. Makuyu wamfuata Joshua, mhubiri mkali. Kijana Waiyaki akua kati ya pande hizi. Asoma Siriana kwa wamisheni, atahiriwa kando ya mto, awa mwalimu, na watu wamtazamia kuwa kiongozi. Kwake yeye, kukua ni kufunguliwa milango. Je, kwa wasichana ni nini?

Muthoni, binti Joshua, ataka mambo mawili kwa pamoja: kubaki Mkristo, na kuwa mwanamke kamili machoni pa kabila lake. Atoroka kwa shangazi yake Kameno, atahiriwa. Jeraha lakataa kupona, naye afa hospitalini Siriana. Baba yake alikwisha kumkana kabla ya mauti. Tena, maiti haijapoa, kila upande wajitwalia kifo chake kuwa ushahidi wake: hawa waona laana ya kuacha mila, wale waona uovu wa mila yenyewe. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Mama yake, Miriamu, aonyesha mateso ya namna nyingine. Yeye ni mke mtii asiyepaza sauti nyumbani. Alitahiriwa kabla ya kuolewa, nalo jambo hilo lamsumbua Joshua, amwombe Mungu msamaha kwa kumwoa mwanamke wa hali hiyo. Hivyo Miriamu abebeshwa hatia ya jambo alilofanyiwa na desturi ya wakati wake. Muthoni ahukumiwa kwa kutenda. Mama yake ahukumiwa kwa kutendewa.

Nyambura, dada yake Muthoni, hakutahiriwa. Waiyaki ampenda, na mapenzi hayo yawa silaha mikononi mwa adui zake. Mwisho wa kitabu wote wawili watiwa mikononi mwa baraza la Kiama wahukumiwe. Hapa msomaji ana haki ya kumhoji mwandishi. Muthoni amepewa shauri lake mwenyewe na ujasiri wa kulitimiza. Lakini mara nyingi Nyambura twamwona kwa macho ya Waiyaki, kana kwamba wokovu wake hauna njia ila kupendwa na mwanamume. Riwaya yafichua dhuluma, lakini haikuepuka kabisa mazoea yanayoizaa.

Mwaka 2011 Bunge la Kenya lilitunga sheria ya kukataza ukeketaji. Ni ngao ya lazima, kwa kuwa majeraha ya desturi hii yameua wasichana wa kweli, si wa vitabuni tu. Lakini kisa cha Muthoni chatufundisha kwamba amri peke yake haitoshi, maana Joshua naye alikuwa na amri. Alichokosa ni sikio. Hakumwuliza binti yake atafuta nini ng'ambo ya mto, naye binti akaenda kukitafuta peke yake. Jamii ipendayo kuwaokoa binti zake na ianze kwa kuwasikiliza wangali hai.