Kabla ya saa ya almasi: zawadi za mapambo kisiwani Pemba

Wiki hii stori ni ile ile: msanii fulani (jina nalihifadhi) alimvalisha mpenzi wake saa ya almasi mbele ya kamera, sasa penzi limevunjika na jamaa anadai saa yake. Swali limekuwa moja: zawadi ikishatolewa, ni ya nani?

Mimi ni wa Pemba, na kwetu hili swali lina historia ndefu. Tulia nikupe.

Anzia Tumbe, kaskazini. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita watu wa pale walitengeneza shanga kwa magamba ya baharini. Wataalamu wa mambo ya kale wamefukua maelfu ya vigae vyenye mifereji, walivyotumia kusugulia shanga hizo. Yaani mapambo hatukuagiza tu, tulitengeneza wenyewe.

Mwaka 916 alipita msafiri Al-Masudi kwenye kisiwa alichokiita Kanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanaamini ni Pemba. Aliandika kwamba watu wa pwani hii wanajipamba kwa chuma, si dhahabu wala fedha.

Baadaye dhahabu ikaingia kwa kishindo. Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, ziligunduliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 na dinari 8 za dhahabu, za karne ya 11 huko. Mtu alizificha, hakurudi kuzichukua.

Kisha njoo kwenye ndoa. Kwa Waislamu, na Pemba karibu sote ni Waislamu, mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe. Si ya baba yake, si ya mume. Na dini imekemea vikali mtu kutoa zawadi halafu akairudisha. Dhahabu nayo ni haramu kwa mwanamme, ndiyo maana bi harusi anapewa vipuli, kidani na bangili, bwana harusi anaambulia saa au pete ya fedha.

Hata almasi ina mfano wake hapa Tanzania. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi kule Mwadui, Shinyanga. Mwenye mgodi, Dk. John Williamson, akampa Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi. Ikachongwa, ikawekwa kwenye bruchi, akaivaa miaka na miaka. Hakuna aliyemdai.

Sasa ya nyumbani. Bibi yangu aliolewa na bangili mbili za dhahabu, zilizonunuliwa kwa pesa za karafuu. Miaka ile bei ya karafuu ilipoanguka, mama yangu akiwa mdogo, akaugua sana. Bibi akaenda kwa sonara Chake Chake akauza bangili moja, akampeleka mtoto hospitali Unguja. Hakumuomba babu ruhusa, maana ilikuwa yake. Ya pili anayo mpaka leo.

Kwa hiyo dada yangu, kabla hujatupia picha ya mkono unaomeremeta, jiulize: siku nikikwama, naweza kuiuza bila kumuuliza mtu? Kama jibu ni hapana, basi hujapewa, umeazimwa.

Nyie mnasemaje, jamaa arudishiwe saa yake au asahau? Tiririka hapo chini.