Siku 10 za kukata rufaa: kutoka Boma hadi Kasapa

Katika vijiwe vya Lubumbashi habari hii inajulikana. Kijana anasimamishwa na polisi, anapekuliwa mifukoni, kipande cha bangi kinaonekana, ao kinasemwa kimeonekana. Baada ya kasho, parke na mahakama, anapelekwa Kasapa. Familia inalia, kisha inanyamaza. Wengi wanazani hukumu ikisomwa, mambo yamekwisha. Historia ya mji huu inaonyesha sivyo.

Bangi haikuwa kosa siku zote. Kwenye miaka ya 1870 na 1880, huko Kasai, chifu Kalamba Mukenge na watu wake, Bena Riamba, waliifanya alama ya urafiki na amani. Lakini mwaka 1903, Leta ya mfalme Leopold II ilitoa amri ya kukataza kulima, kuuza na kushika bangi ya kuvuta. Mwaka 1925, mkataba wa Geneva uliingiza bangi katika dawa zinazochungwa na mataifa.

Siku zile, mtu mweusi aliyeshikwa kwa kosa dogo alifikishwa mbele ya mahakama ya polisi. Mara nyingi hakimu wake alikuwa administrateri, mtu yule yule aliyeongoza polisi wa eneo. Na rufaa? Mahakama ya rufaa ilikuwa Boma, karibu na bahari ya Atlantiki, upande mwingine wa inchi. Mwaka 1910, Élisabethville ilipoanzishwa, ndipo Katanga ilipata mahakama yake ya rufaa.

Sheria inayoongoza mashitaka leo ni ya tarehe 6 Agosti 1959, karibu mwaka mmoja kabla ya uhuru. Ndiyo inasema aliyehukumiwa ana siku 10 za kukata rufaa. Kama alikuwepo mahakamani, siku zinahesabiwa tangu hukumu iliposomwa, si tangu familia iliposikia habari. Si lazima kuanza na maandishi makubwa: anaweza kumwambia karani wa mahakama iliyomhukumu, ao karani wa mahakama ya rufaa, naye aandike. Hata barua inatosha. Aliyehukumiwa bila kuwepo ana njia nyingine pia, ya kupinga hukumu hiyo mbele ya mahakama ile ile.

Hukumu ya mahakama ya amani, ile watu wanaita Tripaix, inapelekwa kwenye tribunal de grande instance. Pale kesi inasikilizwa upya: nani alipekua, kitu kilipatikana wapi, nani aliona, nani alikichunga mpaka mahakamani. Baadaye kunabaki Mahakama ya Kasasio, Kinshasa, kwa muda wa siku 40. Yenyewe haiangalii tena kama bangi ilikuwa mfukoni. Inaangalia kama sheria ilifuatwa.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliongeza nguvu. Kifungu cha 18 kinadai anayeshikwa aambiwe sababu katika lugha anayoelewa, na asizidishe saa 48 mikononi mwa polisi bila kufikishwa kwa wenye uwezo wa kisheria ao kuachiliwa. Kifungu cha 21 kinadai hukumu iandikwe pamoja na sababu zake, na kinampa kila mtu haki ya kuipinga.

Kwa familia zilizokimbia vita, mambo haya ni mazito zaidi. Kadi ya uchaguzi, ambayo kwa wengi ndiyo kitambulisho, ilibaki kijijini ao iliungua na nyumba. Pévé imeandikwa kwa Kifaransa, na mtoto anaambiwa atie sahihi tu. Anayetia sahihi bila kuelewa anaweza kuwa amekubali kosa ambalo hakulifanya, na karatasi hiyo itamfuata mpaka mahakamani.

Zamani njia ya rufaa ilifungwa na umbali wa Boma. Leo mahakama iko hapa hapa mjini. Kinachofunga njia ni siku ya 11.