Wauguzi na madaktari katika maamuzi ya mwisho wa uhai

KATIKA kitengo cha wagonjwa mahututi, huwadia wakati ambapo mashine hairejeshi tena afya bali huahirisha kifo tu. Hapo hubidi kuamuliwa iwapo matibabu yaendelee, yapunguzwe au yasitishwe. Je, muuguzi ana kauli gani katika uamuzi huo?

Muuguzi ndiye akaaye kando ya kitanda usiku na mchana. Humgeuza mgonjwa, humsafisha, hufyonza makohozi katika mrija wa kupumulia na kuuona uso ukikunjamana kwa maumivu. Aghalabu ndiye anayeulizwa na jamaa, kwa sauti ya chini, kama bado kuna tumaini. Daktari naye hubeba dhamana ya kutambua maradhi na kukadiria uwezekano wa kupona.

Nchini Ufaransa, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulihusisha vitengo 133 vya wagonjwa mahututi, wahudumu wa uuguzi 3,156 na madaktari 521. Zaidi ya asilimia 90 ya waliohojiwa waliamini kwamba uamuzi wafaa kuwa wa pamoja. Hata hivyo, nusu ya madaktari walisema wauguzi walishirikishwa kwa hakika, ilhali ni asilimia 27 pekee ya wahudumu wa uuguzi walioafiki. Utaratibu uliokuwapo uliwaridhisha asilimia 73 ya madaktari. Kwa upande wa uuguzi, asilimia 33.

Sheria ya Aprili 22, 2005, iliyofanyiwa marekebisho Februari 2, 2016, ilipiga marufuku kung'ang'ania matibabu yasiyo na maana. Kwa mgonjwa asiyeweza kujieleza, daktari husika hutakiwa kushauriana na kundi linalomhudumia, na kupata maoni ya angalau daktari mwingine mmoja asiye mkubwa wala mdogo wake kikazi. Matakwa ya mgonjwa huzingatiwa, na sababu za uamuzi huandikwa katika faili yake.

Kisheria, uamuzi hubaki kuwa wa daktari. Lakini kusitisha mashine si kumtelekeza mgonjwa: dawa za kutuliza maumivu huendelea, na mikono inayozitoa hadi pumzi ya mwisho ni ya muuguzi. Asipoelezwa sababu, atautekeleza uamuzi asiouelewa, kisha akabiliwe na maswali ya jamaa bila jibu. Ndiyo maana maoni yake yanafaa kusikizwa kabla ya uamuzi kupitishwa, wala si baadaye.